Ulikuwa Unakwenda Wapi? Hotuba Kuhusu Kosa la Uzururaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa baraza la kata, ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, mabibi na mabwana,

Wanaostahili shikamoo nawapa shikamoo yao, na ninyi wengine nawasalimu kwa heshima zote. Mmenialika nizungumze juu ya sheria kali na zile zinazomshangaza mwananchi wa kawaida katika maisha ya kila siku, na barua ya mwaliko ilitaja sheria sita ambazo mngependa nizifafanue. Naomba radhi mapema, maana nimezisoma zote sita na nimeamua kuzungumzia moja tu.

Mifano haikosekani. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mtu akikutwa Tanzania Bara na mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, kanuni zinaruhusu atozwe faini isiyopungua shilingi 30,000, au afungwe kwa muda usiozidi siku saba, au apewe adhabu zote mbili. Majirani zetu wa Kenya, ambao marufuku yao ilianza tarehe 28 Agosti 2017, waliweka adhabu inayohesabiwa kwa mamilioni ya shilingi na kwa miaka ya jela. Raia anayevaa nguo za jeshi au zinazofanana nazo anavunja sheria, hata kama kaptula yenyewe aliiokota kwenye rundo la mitumba bila kujua ilitoka wapi, na mwezi Agosti 2023 Jeshi letu la Wananchi lilitoa siku saba ili wenye nguo za namna hiyo wazisalimishe. Wapo wanaozilalamikia sheria hizi kwamba ni kali mno. Mimi simo miongoni mwao, kwa sababu mfuko unaweza kuwekwa juu ya meza mbele ya hakimu, na kaptula vilevile, na mshtakiwa akavitazama na kuelewa ameshtakiwa kwa jambo gani. Sheria ninayotaka kuizungumzia leo haina kitu cha kuweka mezani. Ni sheria ya uzururaji.

Nilianza kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo katikati ya miaka ya 1980, nikiwa kijana mwenye hati nzuri ya mkono, na hiyo hati ndiyo iliyonipa kazi. Wenzangu mliowahi kukaa mahakama ya mwanzo mnaijua Jumatatu asubuhi. Wanaletwa waliokamatwa Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili, wameshika viatu mkononi kwa sababu kamba zimebaki kituoni, na wanapangwa kwenye benchi refu lililo karibu na dirisha. Mimi nilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na nafasi za kujaza: jina, umri, kabila, makazi, kazi. Kisha maelezo ya kosa. Kwa mwizi wa kuku niliandika kuku. Kwa aliyempiga mwenzake niliandika alimpiga wapi na kwa kitu gani. Kwa mzururaji niliandika kwamba alikutwa akizurura usiku katika mtaa fulani bila kazi maalumu. Niliandika sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba mkono uliizoea, na ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba haina kitendo ndani yake. Alikutwa. Basi.

Vifungu tulivyokuwa tukivitumia ni cha 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, na wakati huo ilisomeka kwa Kiingereza ilhali kesi zetu ziliendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakimu alikuwa akitafsiri kwa mdomo huku mshtakiwa akisubiri. Kwa maneno yangu mimi, kifungu cha pili kinamhusu mtu anayeshukiwa, au anayesifika kwa wizi, ambaye hana njia ya riziki inayoonekana na hawezi kujieleza vya kutosha. Na kinamhusu pia mtu anayekutwa akitangatanga barabarani au karibu na nyumba za watu, kwa wakati na katika hali inayomfanya anayemwona aamini kwamba yupo pale kwa nia isiyo halali. Yasikilizeni vizuri maneno hayo. Riziki inayoonekana: inaonekana na nani? Kujieleza vya kutosha: kunamtosha nani? Sheria nyingine za jinai zinamtaka mlalamikaji athibitishe kwamba mtuhumiwa alifanya jambo. Hii inamtaka mtuhumiwa aeleze kwa nini yupo mahali alipo, na anayepima kama maelezo yanatosha ni askari yuleyule aliyeshika tochi.

Hapa ndipo sheria hii ilipogongana na lugha yetu, na nasema hili kwa sababu sijawahi kusikia mwanasheria akilitaja. Katika adabu za Kiswahili, mtu akikutana nawe njiani akakuuliza, “Unakwenda wapi?”, si kwamba anataka ramani. Anakusalimu. Na wewe unajibu, “Nafika hapo mara moja,” au “Hapo mbele tu,” au “Natembea tembea.” Jibu halisemi kitu, na limekusudiwa lisiseme kitu, kwa maana shughuli ya mtu ni siri yake na aliyeuliza anaridhika kujua kwamba huna shida. Tumelelewa hivyo. Sasa mchukueni mtu aliyelelewa hivyo, mumulikeni tochi saa saba za usiku, mumuulize swali hilohilo. Atajibu kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake: “Hapo tu, afande.” Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mahakama zaidi ya mara moja, nayo yalisomwa kama ushahidi kwamba mshtakiwa alishindwa kujieleza.

Siku moja aliletwa mama wa makamo aliyekamatwa saa kumi alfajiri ya Ijumaa akielekea ufukweni. Alikuwa muuza samaki wa kukaanga, na kila anayekaa pwani anajua kwamba ngalawa hazingojei jua lichomoze. Ukichelewa, wenye magenge makubwa wameshachukua samaki wote na wewe unabaki na dagaa. Askari wawili walimkuta peke yake barabarani na kanga mbili na ndoo. Hakimu akamuuliza alikuwa anakwenda wapi, akajibu anakwenda kupokea samaki. Akaulizwa ana kithibitisho gani. Mama akanyamaza, maana ni karatasi gani anayopewa mtu na wavuvi ili aonyeshe kwamba anawanunulia? Hapo mmoja wa washauri wa mahakama, mzee aliyezoea kusinzia hadi saa nne, akainua kichwa akauliza, “Mama, ndoo yako iko wapi?” Ikajibiwa kwamba iko stoo ya kituo. Mzee akasema iletwe. Ilipoletwa aliinamia, akanusa, akakunja uso, na pale nilipokaa, hatua kama nne hivi, harufu nami ilinifikia, kwa sababu ndoo ya samaki ikifungiwa siku tatu bila kuoshwa haihitaji wakili. Mama aliachiwa. Mtaji wake wa siku tatu hakuna aliyeuzungumzia, wala mimi sikuuandika, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Aliyemfuata kwenye benchi alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, aliyekuja mjini kutoka bara wiki mbili kabla. Naye alikamatwa alfajiri, akielekea kwenye maghala ambako vibarua huchaguliwa kabla ya saa kumi na mbili, na anayewahi ndiye anayepata mzigo. Alipoulizwa, alisema alikuwa anakwenda kutafuta kazi. Kazi gani? “Yoyote, mheshimiwa.” Yeye hakuwa na ndoo. Alikuwa amekiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hana kazi, na kutokuwa na kazi ndiko kulikomfikisha pale. Alitozwa faini, hakuwa nayo, akapelekwa gerezani. Kwenye fomu yangu, mahali palipoandikwa kazi, niliandika “hana”.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba sheria hii ilizuka kwetu. Mizizi yake ni Uingereza ya karne ya 14. Baada ya tauni kuua watu wengi mno, wenye mashamba walikosa vibarua, na waliobaki hai wakaanza kuhama kutafuta ujira mzuri zaidi. Mwaka 1349 mfalme akatoa amri ya kuwalazimisha wafanye kazi kwa ujira wa zamani na kuwazuia wasitangetange. Karne nyingi baadaye, mwaka 1824, vita vya Napoleon vikiwa vimekwisha na barabara zikiwa zimejaa askari waliorudi bila kazi wala makazi, Bunge la Uingereza likatunga Sheria ya Uzururaji, ambayo ndiyo iliyokuwa na maneno haya ya mtu anayeshukiwa na asiyeweza kujieleza. Maneno hayo yakasafiri kwenye meli pamoja na makoti ya majaji. Yaliingia katika kanuni za adhabu za Kenya, Uganda, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na kwetu, na ukizisoma kanuni hizo kwa pamoja utaona mapacha.

Hapa yalikuta kazi ya kufanya. Serikali ya kikoloni ilimhitaji Mwafrika shambani, kwenye mkonge na kahawa, na haikumhitaji mjini baada ya saa za kazi. Kenya walikuwa na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kikaanza kutekelezwa Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, ambacho mwanamume alikibeba ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Dar es Salaam ilipata sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Na lugha yetu ikabeba alama yake: neno mhuni, ambalo kamusi bado zinakumbuka kwamba maana yake nyingine ni mtu asiyeoa na asiye na makao maalumu, ndilo lililotumika kwa kila kijana aliyeonekana mjini bila mwajiri. Asiyeoa na asiye na kwao si mhalifu. Lakini nani leo anaitwa mhuni akacheka?

Ningependa kusema kwamba uhuru ulilimaliza jambo hili. Haukulimaliza, na tukubali kwamba sehemu hii ni yetu wenyewe. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, wakati marehemu Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu, ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka wenye uwezo wa kufanya kazi waorodheshwe na wasio na kazi wapangiwe. Nia ilielezwa vizuri, na wengi tuliiunga mkono. Nchi ilikuwa na njaa ya chakula na ya fedha za kigeni, mjini kulikuwa na foleni za sukari, na Katiba yetu yenyewe, ibara ya 25, inatamka kwamba kazi ni kipimo cha utu na kwamba kila mtu anao wajibu wa kushiriki katika kazi halali. Mimi nilikuwa mmoja wa walioamini. Ila mtaani Nguvu Kazi ilimaanisha lori. Watu walipakiwa kupelekwa vijijini, na miongoni mwao walikuwamo washona viatu, wauza karanga na wachuuzi ambao kazi zao zilikuwa zikionekana na kila mtu isipokuwa serikali. Miaka miwili kabla ya sheria yetu hiyo, mwaka 1981, Uingereza ilikuwa imekifuta kile kipengele cha “mtu anayeshukiwa”, kwa sababu vijana weusi wa London walikuwa wamechoka kusimamishwa nacho na mitaa ya Brixton ilikuwa imewaka moto. Mwenye koti alikuwa amelivua, sisi tukawa tunatafuta vifungo vyake.

Jambo moja la historia hiyo hunichekesha bila kunifurahisha. Sheria iliyowakamata wachuuzi ndiyo baadaye ikawapa jina la leseni: mfanyabiashara mdogo alikuwa akikata leseni ya nguvu kazi, akaitembeza mfukoni ili asikamatwe kwa kukosa nguvu kazi. Desemba 2018 wajasiriamali wadogo waligawiwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na nilimsikia muuza maji mmoja akisema, akikigusa kiliponing'inia kifuani, kwamba sasa na yeye ni mtu. Siwezi kumcheka. Alikuwa anajua kitu ambacho kijana wa maghalani hakukijua, kwamba katika nchi hii riziki haionekani mpaka iwe na kadi.

Najua wapo kati yenu waliovunjiwa nyumba, na wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau hofu ya Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji. Mtaniuliza: askari wa doria afanye nini akimwona mtu amesimama nyuma ya duka saa tisa usiku? Swali ni la haki. Askari anaweza kumsimamisha, kumuuliza, na kumpekua akiwa na sababu ya msingi. Akimkuta na mtaimbo na mkasi wa kukatia kufuli, kuna makosa ya kumshtaki kwayo, na akimkuta anang'oa bati, kujaribu kutenda kosa ni kosa. Vyote hivyo vina kitu cha kuweka mezani. Uzururaji ni kosa linalobaki mkononi mwa askari pale ambapo hakupata chochote. Na mkitazama benchi la Jumatatu mtaona jambo lingine: mwenye gari hajawahi kuzurura. Anaweza kuzunguka mji mzima usiku kucha, akapaki ufukweni kupunga upepo, na akiulizwa akajibu “hapo tu” akapigiwa saluti.

Mambo yameanza kubadilika, na yalianzia kwa mtu wa kawaida kabisa. Machi 2015 huko Malawi, mchuuzi aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa kama saa kumi alfajiri akielekea Limbe kuuza mifuko ya plastiki, akashtakiwa kwa kifungu ambacho ni pacha wa chetu. Yeye hakulipa faini akaondoka. Alikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 mahakama hiyo ikatamka kwamba kipengele kile, kifungu cha 184(1)(c) cha Kanuni ya Adhabu ya Malawi, kinapingana na katiba. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa ndoo, kwa sababu saa ni ileile na biashara ni za aina moja.

Mwaka 2018 Umoja wa Wanasheria wa Afrika ukaipeleka hoja yenyewe Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 4 Desemba 2020 mahakama hiyo ilitoa maoni yake ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, kwa jinsi zinavyomwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri si hukumu, na hayafuti kifungu cha sheria kwa yenyewe. Lakini yalitolewa hapahapa kwetu, mwendo wa siku moja kwa basi. Uganda nao, Desemba 2022, Mahakama yao ya Katiba ikabatilisha vipengele vyao vya aina hii. Kwetu sisi Katiba inampa kila raia haki ya kwenda popote katika Jamhuri, na inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Mimi si jaji, ila nimeishi na kifungu kile kwa kalamu yangu, na sioni kinavyoweza kukaa nyumba moja na ibara hizo.

Sasa niseme kuhusu kazi yenu, maana ninyi si mahakama ya katiba na Jumatatu ijayo benchi litakuwa limejaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, kwa hiyo mnapofika kituoni hamfiki kama jirani mwenye kiherehere. Mkiambiwa fulani amekamatwa kwa uzururaji, ulizeni kwa upole alikuwa anafanya nini, kisha nyamazeni mngoje jibu. Msiridhike na kuambiwa alikuwa wapi au ilikuwa saa ngapi. Kumbusheni ukomo wa saa ishirini na nne wa kumweka mtu kituoni, na kwamba dhamana ya polisi haina malipo. Mfundisheni mtu, kabla hajafikwa, kwamba askari akimuuliza aendako adabu ya mtaani aiweke kando na ajibu kwa ukamilifu: nakwenda ghala fulani, kwa nyapara fulani, mzigo unaanza saa kumi na mbili. Natambua ninawaomba mwafundishe watu wetu kutoa maelezo ambayo hawapaswi kudaiwa, na hilo linanikera kama linavyowakera, lakini kijana yule alihitaji sentensi moja iliyonyooka na hakuna aliyekuwa amempa.

Na akiwa na kitu cha kazi, kiwe ndoo, toroli, sindano ya kushonea viatu au kikapu cha mayai, hakikisheni kimeandikwa kwenye daftari la kituo kwa jina lake siku ileile aliyoingia, na kwamba kitaletwa naye mahakamani. Washauri wenye pua kali hawapatikani kila siku.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali kabla ya chai, na nitaomba anayeuliza aseme kwanza jina na kata anayotoka, ili niweze kuandika.